Mtoto afike shule salama kwa miguu au kwa baisikeli: mambo ya kufanya sisi wazazi wa Malindi

Wazazi wenzangu, kila asubuhi kuanzia Barani, Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo mpaka huko Ganda na Msabaha watoto wetu wanatoka na mabegi mgongoni, wengi kwa miguu, wengine wamepanda baisikeli, na sisi tukiwa mlangoni tunamwambia "haya, chunga magari" basi tunarudi ndani tukidhani kazi imeisha. Haijaisha. Hilo neno "chunga magari" tunamwachia mtoto mzigo ambao hata akili yake haijafika kuubeba. Mtoto wa chini ya miaka tisa kumi hivi hawezi kukadiria vizuri gari linakuja kwa kasi gani na liko mbali kiasi gani, si kwamba ni mtundu au hasikii, bado tu hajakomaa kwa hilo, na kimo chake nacho ni kifupi hivyo tuktuk ikiegeshwa pembeni yeye haoni ng'ambo na dereva naye hamwoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, kushinda ugonjwa wowote ule. Kwa hiyo kazi ni mbili, kumfundisha mtoto na kuirekebisha njia yenyewe, na hii ya pili ndiyo kubwa na ndiyo tunayoiruka kila siku.

Anza kwa kuitembea njia

Usianze na semina wala mabango. Chagua siku ya shule, toka na mtoto wako saa ileile anayotoka yeye, na mwache yeye aongoze. Usimwambie pita hapa pita pale, wewe fuata nyuma tu utazame. Utashangaa, manake njia unayodhani anapita siyo anayopita, kuna mahali anakata kona apite kwenye vibanda, kuna mahali anavuka mara mbili bila sababu kwa vile rafiki yake anakaa upande wa pili, kuna mahali mtaro umekula ukingo wote na hana pa kukanyaga ila lami. Kila penye shida simama, piga picha kwa simu, andika. Mchana rudi nae tena, kwa sababu njia ya asubuhi na njia ya kurudi hazifanani, asubuhi ana haraka na mchana ana marafiki, na msimu wa maembe ana na jiwe mkononi, macho yote yako juu ya mti na embe likianguka likabingirika lamini anakimbilia hukohuko.

Angalia pia jua. Hili watu hawalisemi lakini kwetu ni kubwa. Barabara ya kutoka Sala Gate kuja mjini kupitia Ganda, dereva anayeingia mjini asubuhi anaendesha akielekea mashariki, jua liko chini limempiga usoni, kioo nacho kina vumbi, mtoto aliye mbele yake ni kivuli tu kama anamwona kabisa. Jioni inageuka, anayetoka mjini kwenda Ganda ndiye anayepofuka. Kwa hiyo mtoto anayevuka barabara hiyo mfundishe hivi: upande ambao gari linakuja huku jua liko mbele ya dereva, chukulia dereva hakuoni, hata kama wewe unamwona vizuri kabisa.

Halafu masika. Njia uliyoitembea mwezi wa Januari sio ileile ya Aprili na Mei, mvua ikishuka pembeni kote ni dimbwi, mtaro umefunikwa na maji haujulikani uko wapi, na watoto wote wanapanda lami. Itembee tena mvua zikianza, na mwambie mtoto asikanyage maji asiyoona chini yake, bora azunguke hata kama atachelewa, na umwambie na mwalimu hivyo ili asiadhibiwe kwa kuchelewa.

Ukimaliza, kaeni wazazi wachache wa mtaa mmoja, chukueni karatasi ya manila, chorani barabara, shule, msikiti, kanisa, duka, stage ya boda, na mtie alama nyekundu kila mahali penye shida. Mtaona wenyewe kwamba alama hazijatawanyika ovyo, zinarundikana sehemu mbili tatu. Hapo ndipo pa kuanzia, msijaribu kutibu mji mzima. Na mara nyingi mtagundua kuna njia nyengine ya ndani, ndefu kidogo, inapita vichochoroni kwenye nyumba za watu, haina gari isipokuwa boda moja moja. Mtoto apite hiyo. Dakika tano zaidi si kitu.

Kumfundisha mtoto

Kwanza upande wa kutembea. Kenya magari yanapita kushoto, kwa hiyo mtu wa miguu kama hakuna njia ya waenda kwa miguu anatembea upande wa kulia, anayatazama magari yanayomjia usoni. Mwenye baisikeli ni kinyume, yeye ni chombo, anakwenda kushoto pamoja na magari. Watoto wanachanganya haya mawili kila siku na watu wazima pia, yule anayeendesha baisikeli "akiyakabili magari" anajiweka hatarini manake dereva anayeingia barabarani kutoka kichochoroni hatazami upande huo.

Kuvuka ndio somo lenyewe. Asivuke kwenye kona, asivuke mbele wala nyuma ya matatu iliyosimama, asivuke kati ya tuktuk mbili zilizoegeshwa. Atafute mahali panaonekana mbali pande zote mbili. Asimame hatua moja nyuma ya ukingo wa lami, atazame kulia, kushoto, kulia tena, na asikilize pia. Akianza kuvuka atembee moja kwa moja, asikimbie, asikate mshazari, na aendelee kutazama huku anatembea. Kandambili ikivuka mguuni aiache. Kofia ikipeperushwa na upepo wa kusi aiache. Daftari likianguka aliache. Haya mwambieni kabisa kwa maneno, kwamba "kiatu ntakununulia chengine, sitakupiga", kwa sababu mtoto anarudi katikati ya barabara kuokota kiatu kwa kuwa anaogopa nyumbani kuliko anavyoogopa lori.

Sasa tuje kwenye hesabu kidogo ili mjue kwa nini nasema asubiri. Barabara ya njia mbili ina kama mita saba upana, mtoto akitembea mwendo wake wa kawaida anachukua sekunde saba hivi kuvuka. Gari la kilomita 50 kwa saa katika sekunde hizo saba limeshakula karibu mita 100, urefu wa uwanja mzima wa mpira. Likiwa ni la kilomita 80 kama yanavyokuja yale ya Mombasa baada ya kupita Gede, linakula zaidi ya mita 150. Kwa hiyo nenda naye uwanjani, msimamishe golini mwambie tazama goli la pili, gari likiwa karibu kuliko hapo usivuke. Mtoto anaelewa uwanja, hizo kilomita kwa saa hazimwambii kitu.

Kuna na hili jambo la dereva mwema. Gari linasimama, dereva anampungia mtoto mkono "haya vuka", mtoto anafurahi anatoka mbio, na boda iliyokuwa nyuma ya lile gari haijui kwa nini limesimama inalipita kwa kasi. Mfundishe mtoto kwamba mkono wa dereva sio ruhusa, ruhusa ni pale yeye mwenyewe ameona pande zote mbili zimesimama. Avuke mpaka usawa wa gari lililosimama, achungulie, ndipo aendelee. Na nyinyi madereva mnaosoma, ukitaka kumsaidia mtoto simama mapema, nyuma kidogo, mbali na anapovukia, ili anayekuja nyuma yako amwone, na usimpungie.

Mafunzo haya hayaingii kwa kuambiwa mara moja sebuleni. Wiki za mwanzo mshike mkono na useme kwa sauti unachokiona, "naona tuktuk inakuja, naisubiri, sasa kuko wazi". Kisha mgeuze, yeye aseme wewe usikie. Kisha akutangulie mbele wewe uko nyuma. Kisha ndio aende na wenzake. Kuna mtoto atachukua wiki mbili kuna atakayechukua muhula mzima, msimlinganishe na wa jirani. Na aliye chekechea (PP1, PP2) au Gredi 1 mpaka 3 jamani asivuke barabara kubwa peke yake, hata kama ana dada wa Gredi 5, huyo dada nae bado ni mtoto.

Watembee kwa kundi

Hili ndilo jambo rahisi na halina gharama. Badala ya kila mzazi kuhangaika na wake, wazazi wa mtaa mnapanga zamu, mtu mzima mmoja leo mwengine kesho, mnapita njia ileile saa ileile, watoto wanaingia kundini kila kituo. Wengine wanaliita basi la miguu, na aliyelipigia debe sana ni Muaustralia David Engwicht miaka ya 1990, lakini kwa kweli huku Pwani watoto tangu zamani wametembea kwa makundi, kilichokosekana ni mtu mzima ndani ya kundi. Mtu mzima mmoja aongoze watoto kama sita, wakiwa wadogo sana wa PP basi watatu tu kwa mmoja. Watu wazima wakiwa wawili mmoja awe mbele mmoja nyuma, wa nyuma ndiye muhimu zaidi manake huko ndiko wanakobaki wanaochezacheza. Msisahau kundi la WhatsApp la zamu hiyo, mama akiugua asubuhi aseme mapema, watoto wasingoje kituoni mtu asiyekuja.

Wanaochukua zamu wajulikane na wote. Wazazi wakae wakubaliane nani na nani, mzee wa mtaa ajue, mwalimu mkuu apewe majina. Sio kila anayejitolea anafaa kukaa na watoto, na mji wetu ni mji wa wageni na pesa za haraka, tuseme ukweli. Mfundishe mtoto kwamba hakuna lifti ya mtu asiyemjua, iwe gari, boda au tuktuk, hata kama anamtaja baba yake kwa jina, na mtu mzima anayemwambia "usimwambie mamako" ndiye wa kwanza kusemwa kwa mamake. Namba ya bure ya kusaidia watoto Kenya ni 116, mtoto aijue kichwani kama anavyojua namba yako.

Na boda ninazo mbili za kusema. Moja, kupakia watoto watatu wanne kwenye pikipiki moja ni hatari na sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, najua asubuhi ni haraka na nauli ni nafuu ukigawanya, lakini mtoto wa mbele kwenye tangi ndiye anayerushwa kwanza. Mbili, hawa vijana wa stage msiwaone maadui, wao wako pale barabarani kuanzia alfajiri, wanawajua watoto wote na wanajua ni gari gani linapita mbio kila siku. Nendeni kwa mwenyekiti wa stage mumuombe vijana wawili wasaidie kuvusha saa ya watoto kuingia na kutoka, wapeni jaketi za rifleksa na kibao cha STOP, na mjulisheni OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na trafiki ili iwe ni mpango unaojulikana. Kijana akipewa heshima ya kuvusha watoto hataki kuonekana yeye ndiye anayepita hapo mbio.

Giza, chuo na Ramadhani

Malindi jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili u nusu, inategemea mwezi. Mtoto anayetakiwa awe darasani saa kumi na mbili u nusu anatembea gizani. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi mpaka saa tisa u nusu, kwa hiyo mzazi ukiuliza kwenye mkutano kwa nini wa Gredi 4 anaitwa alfajiri, unauliza jambo la kisheria, huleti ukaidi.

Jioni kuna chuo. Mabinti zetu wanarudi madrasa baada ya Maghribi wamevaa buibui jeusi, barabara haina taa, dereva anakuja na taa kamili machoni kwa mwenzake, hapo binti haonekani kabisa mpaka gari limfikie. Wavulana wana kanzu nyeupe wana nafuu kidogo. Nunueni tepu ya rifleksa, fundi cherehani ashone mkanda mmoja nyuma ya begi la msahafu na mmoja chini kwenye pindo au bangili ya kufunga kwenye kifundo cha mguu. Mguuni ndio pazuri zaidi, kwa sababu kitu kinachong'aa kikipanda na kushuka dereva anatambua mara moja ni mtu anatembea, kikiwa kimetulia anaweza kudhani ni mti au nguzo. Tochi ndogo pia, aielekeze chini mbele yake, asimmulike dereva machoni.

Na mwezi wa Ramadhani jihadharini na ile nusu saa kabla ya adhana ya Maghribi. Kila mtu anakimbilia nyumbani kufuturu, madereva wana njaa na usingizi, watoto nao wametumwa dukani kununua tende na barafu. Nunua mapema. Usimtume mtoto kuvuka barabara kubwa saa hiyo.

Wanaokwenda na baisikeli

Baisikeli ni nzuri sana kwa mtoto anayekaa mbali na sitaki mtu asome hapa aanze kumnyima mtoto wake. Lakini chini ya miaka kumi aendeshe ndani ya mtaa na vichochoroni, barabara kubwa angoje, na hata akifika miaka kumi au kumi na mbili umtazame kwanza wewe mwenyewe uone anaweza kugeuka kutazama nyuma bila baisikeli kuyumba. Kama hawezi bado.

Baisikeli iwe ya kimo chake. Akikaa kitini ncha za miguu zote mbili ziguse chini. Ile ya babake, blakmamba, ambayo mtoto anaendesha kwa kupenyeza mguu chini ya chuma cha juu kwa kuwa hafiki kitini, hiyo hawezi kuisimamisha ghafla, na kwa hiyo haifai barabarani.

Kila Jumamosi ikaguliwe, ni dakika kumi tu. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, liwe gumu. Shika breki ya mbele uisukume baisikeli, gurudumu la mbele lisizunguke, fanya hivyo na ya nyuma. Raba za breki zikiwa zimelika mpaka mifereji haionekani badilisha, bei yake ni ndogo. Huku kwetu hewa ya bahari ina chumvi, cheni inashika kutu haraka na mchanga unaingia humo, ifute kwa kitambaa kikavu kisha tia oili tone tone na ufute tena inayobaki, manake oili ikizidi inanasa mchanga ukawa msasa. Kaza nati za magurudumu mawili, tikisa usukani, hakikisha kengele inalia. Mbele rifleksa nyeupe, nyuma nyekundu. Kama kitu hukijui mpelekee fundi wa baisikeli mtaani, na mtoto awe pamoja nawe aone, kesho atajua mwenyewe.

Helmeti ikae sawa kichwani, ukingo wake uwe vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubane kiasi cha kidole kimoja au viwili kuingia chini ya kidevu. Ikishawahi kugonga chini kwa nguvu haifai tena hata kama haina ufa. Begi ni mgongoni mikanda yote miwili, lisining'inizwe kwenye usukani. Sketi, kanzu, buibui na leso vinaingia kwenye cheni na spoku, vifungwe. Na mdogo wake asipakiwe kwenye karia akaachwa miguu inaning'inia, kisigino kikiingia kwenye spoku ni jeraha baya sana.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nimeona kinawaangusha watoto kuliko chengine chote barabara zetu, ule ukingo wa lami. Lami imekatika, chini yake ni mchanga, tofauti ni kama nusu kiganja au zaidi. Lori linapiga honi, mtoto anashuka mchangani, gurudumu la mbele linazama kidogo, kisha anataka kurudi juu ya lami huku anakwenda sambamba nayo. Tairi linasuguana na ule ukingo halipandi, usukani unageuka, baisikeli inakwenda upande na yeye anaangukia barabarani, sio mchangani, barabarani. Mfundishe hivi, akishashuka asijaribu kurudi akiwa mwendoni. Apunguze, asimame, atazame nyuma, apandishe baisikeli kwa mkono. Fanyeni mazoezi hayo mahali pasipo na magari, ukingo wa barabara ya mtaani unatosha, mpaka iwe mazoea.

Mengine ni ya haraka, waendeshe mmoja nyuma ya mwengine wasiwe sambamba, wasishike lori wala tuktuk wavutwe, wapite mbali na milango ya magari yaliyoegeshwa, na kwenye barabara kubwa akitaka kukata kulia ashuke, asimame pembeni, avuke kwa miguu akisukuma.

Langoni kwa shule

Ukisimama langoni saa ya kutoka utaona fujo, na nusu ya fujo ni sisi wazazi. Tuktuk, boda na magari ya wazazi wote wanataka kufika mlangoni kabisa, wanarudi nyuma bila kuona, watoto wanapenya katikati. Shule iweke mahali pa kushushia kama mita 100 kabla ya lango, kutoka hapo watoto wote watembee. Wadogo watolewe kwanza, wakubwa baada ya dakika kumi. Lango likiwa linafungukia moja kwa moja barabara kuu na kuna kichochoro upande wa pili wa ukuta, fungueni lango huko. Hili si wazo la kuota, Dar es Salaam shirika la Amend kwenye mradi wao wa SARSAI walifanya mambo kama haya kwenye shule za msingi, matuta, njia za miguu, vizuizi vya kutenga watoto na magari, na penye haja lango likahamishwa, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo kubwa ya miji ya WRI Ross Center. Vitu vyenyewe sio vya ghali.

Na wauzaji. Mama wa mabuyu, achari, viazi karai na juisi za barafu akiwa ng'ambo ya barabara, kengele ikilia watoto mia wanavuka mbio na shilingi kumi mkononi. Msimfukuze, hiyo ni riziki yake na watoto wana njaa. Mwombeni ahamie upande wa lango, shule impe kivuli na mahali pa kuweka meza. Barabara ikawa haivukwi tena kwa ajili ya mabuyu. Kwa maoni yangu hakuna jambo lengine rahisi hivi lenye faida kubwa hivi.

Kasi, na ofisi za kwenda

Yote hayo mtoto atayafanya na bado gari likija mbio litamgonga. Hapa ndipo penye uzito. Dereva anachukua kama sekunde moja kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, barabara kavu, gari linasimama ndani ya mita 13 hivi, kila kitu kikiwemo. Kwa kilomita 50, katika mita hizohizo 13 dereva bado hajagusa breki, atahitaji karibu mita 28. Maana yake mtoto akitokea mita 14 mbele, wa 30 amesimama na wa 50 anamgonga na kasi yake yote. Sheria ya Kenya mjini ni 50, na barabara zinazopakana na shule sheria ya trafiki ilishafanyiwa marekebisho, ni 30 watoto wanapopita. Sheria iko, kinachotakiwa ni kitu cha kumlazimisha dereva apunguze, yaani matuta, alama, zebra iliyoinuliwa, njia ya miguu.

Tafadhali msichimbe matuta wenyewe usiku kwa mawe na udongo. Naelewa hasira, hasa mtoto akishagongwa, lakini tuta lisilo na alama wala rangi linaua mwenye pikipiki gizani na ni kosa kisheria.

Ulizeni kwanza barabara ni ya nani, manake barua ikienda ofisi isiyo yake inalala. Barabara kuu ya Mombasa, Malindi na kwenda Garsen na Lamu ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa. Za mjini ziko za KURA, za mashambani za KeRRA, na za mitaani nyingi ni za kaunti ya Kilifi. Mkikosa kujua nendeni kwa msimamizi wa wadi awaambie. Barua iandikwe na kamati ya wazazi na bodi ya shule, isainiwe na mwalimu mkuu, iwe ukurasa mmoja: shule ina watoto wangapi, wangapi wanavuka hapo (simameni asubuhi moja mhesabu), magari mangapi yalipita katika saa hiyo, picha tatu nne, ile ramani ya manila, na ombi moja lililo wazi, kwa mfano "tunaomba zebra iliyoinuliwa na matuta mawili mbele ya lango". Ombi la "mtusaidie usalama" halina pa kushikwa. Nakala kwa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), OCS, chifu na MCA wenu (mjumbe wa bunge la kaunti), na mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa barabara za kaunti kuna kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya ushirikishwaji wa umma vinaitishwa kuhusu mipango hiyo, ndipo pa kwenda mkiwa wengi, kina mama, kina baba, vijana wa boda, wazee wa mtaa, na mseme jambo moja tu wote. Mkija Juni na bajeti imeshafungwa mtaambiwa mngoje mwaka ujao, na ndivyo itakavyokuwa.

Na ikatokea mtoto amegongwa, msimnyanyue mbiombio kumtupa kwenye tuktuk. Zuieni magari kwanza. Akilalamika shingo au mgongo asisogezwe mpaka wenye kujua wafike, labda pawe na hatari ya kugongwa tena. Damu ikitoka bonyeza kwa leso safi usiachie. Akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa baada ya kugonga kichwa ni hospitali saa hiyohiyo hata kama anasema hajambo. Mmoja aandike namba ya gari, mmoja apige 999 au 112, na taarifa iandikwe polisi hata kama dereva anataka muelewane pembeni, kwa sababu ajali isiyoandikwa haihesabiwi mahali popote, na mkienda KeNHA mwaka ujao mtaulizwa hapo pamegongwa watoto wangapi.

Wakiwawekea zebra shukuruni na muendelee kutazama. Rangi ile kwa jua na mchanga wa huku inafutika, kibao kinagongwa na lori, mtaro unaziba. Kila muhula kabla shule haijafunguliwa wazazi wawili waipite njia yote na ile ramani mkononi, kilichoharibika kipigwe picha, barua nyengine iende.